Siku Moja katika Gari-Nyumba

Katika nchi ya Marekani wako watu wanaohama na nyumba zao. Hawabomoi kuta wala hawabebi mabati. Mtu anawasha injini, na nyumba inaondoka.

Nyumba hizo ni magari. Nyingine ni ndogo kama gari la wagonjwa. Nyingine ni ndefu kama basi la kwenda mikoani. Ndani mna kitanda, jiko, meza, bafu na choo. Katika habari hii tutaita gari la namna hiyo gari-nyumba.

Mwezi wa Februari nilisafiri siku moja katika gari-nyumba, katika jimbo la Arizona. Jimbo hilo liko kusini-magharibi mwa Marekani. Wenyeji wangu walikuwa mzee mmoja na mkewe. Mzee huyo alifundisha hesabu katika shule yetu ya sekondari, Nyanda za Juu za Kusini, miaka ya 1980. Alikuja Tanzania kama mwalimu wa kujitolea. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Mpaka leo namwita Mwalimu. Nikimwamkia "Shikamoo", anaitikia "Marahaba" bila kusita. Kiswahili chake kimeshika kutu kidogo, lakini hakijakatika.

Mkewe ni muuguzi mstaafu. Yeye namwita Mama. Anajua maneno matatu tu ya Kiswahili: asante, pole na chai. Mwalimu husema kwamba kwa maneno hayo matatu mtu anaweza kukaa Tanzania mwaka mzima.

MJI UNAOJAA NA KUPWA

Tulianzia safari yetu Quartzsite. Huu ni mji mdogo jangwani. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu hapo watu 2,413. Vijiji vyetu vingi vina watu zaidi ya hao.

Lakini katika miezi ya Januari na Februari mji huu hujaa kama maji ya pwani. Watu huja kwa maelfu kutoka majimbo ya kaskazini, ambako wakati huo kuna theluji na baridi kali. Waarizona huwaita wageni hao "ndege wa theluji". Quartzsite wakati huo hakuna baridi kali. Mchana mtu anakaa nje na shati tu. Usiku atahitaji blanketi.

Wageni hawa wengi ni wazee waliostaafu. Hawalali katika hoteli. Wanaegesha magari-nyumba yao jangwani, katika ardhi ya serikali. Tangu mwaka 1983 serikali ya Marekani imetenga maeneo maalumu kwa ajili yao. Eneo la Quartzsite linaitwa La Posa. Msimu wake huanza Septemba 15 na kwisha Aprili 15. Kwa miaka mingi ada ilikuwa dola 180 kwa msimu mzima. Kwa nchi ile hiyo ni ada ndogo sana. Chumba cha hoteli kinaweza kula fedha hizo kwa siku mbili.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba wote walioko pale wanastarehe. Nilitembea asubuhi kati ya magari hayo. Moja lilikuwa jipya, linang'aa, na bei yake nilipotajiwa niliomba irudiwe. Hatua hamsini mbele lilikuwapo gari dogo bovu. Mama mmoja alikuwa amekaa mlangoni akichemsha kahawa. Aliniambia kwamba alipoteza nyumba yake baada ya mwaka 2008, wakati uchumi wa Marekani ulipoanguka. Watu wengi walishindwa kulipa mikopo ya nyumba wakati ule. "Kodi ya nyumba inazidi pensheni yangu," alisema. "Hapa nalipa kidogo, na jua silipii." Kisha akanikaribisha kahawa. Nilikunywa.

Jirani mwingine hakuwapo. Alikuwa amekwenda nchi ya Meksiko kung'oa jino. Mpaka wa Meksiko hauko mbali sana na hapo, na huko daktari wa meno anatoza bei nafuu. Wazee wengi wa Quartzsite hufanya hivyo.

MAJI YA KUHESABU

Sasa tuangalie nyumba yenyewe inavyofanya kazi. Mambo haya niliyaona ya maana zaidi kuliko viti vizuri.

Gari-nyumba la Mwalimu lina matangi matatu. La kwanza ni la maji safi. Linachukua lita 200. La pili linapokea maji machafu ya kuoshea vyombo na kuogea. La tatu linapokea uchafu wa choo. Tangi la maji safi likiisha, hakuna bomba. Matangi ya uchafu yakijaa, hakuna pa kumwaga ila mahali palipotengwa. Kumwaga uchafu wa choo chini ni kosa, na anayekamatwa anatozwa faini.

Kwa sababu hiyo kila mtu anahesabu maji. Mama huoga kwa lita 6. Anafungua maji kidogo, anajilowesha, anafunga. Anajipaka sabuni. Kisha anafungua tena, anajisuuza, anafunga. Vyombo huvifuta kwanza kwa karatasi, ndipo anaviosha. Kwa siku nzima watu wawili wanatumia lita 40. Hizo ni ndoo mbili kubwa. Mama yangu kule kijijini alikuwa akichota kiasi hicho hicho kwa siku, kwa kichwa. Nilipomwambia Mama hivyo, aliuliza kisima kilikuwa umbali gani. Nikamwambia kilomita 3. Alinyamaza kidogo, kisha akasema neno lake la pili: "Pole."

Umeme unatokana na jua. Juu ya paa kuna vipande vya sola, na chini ya kitanda kuna betri kubwa. Mchana betri zinajaa. Usiku zinawasha taa na pampu ya maji. Jiko linatumia mtungi wa gesi.

Kabla ya kuondoka Mwalimu hupita na karatasi mkononi. Karatasi hiyo ina mistari 19, na kila mstari una jambo la kutazama. Je, madirisha yamefungwa? Je, gesi imefungwa? Je, ngazi imekunjwa? Je, makabati yamefungwa kwa komeo? Nyumba ikitembea, sufuria nazo hutembea. Mwalimu anasoma kwa sauti, Mama anaitikia "tayari". Ni kama mahudhurio darasani. Miaka yote ile alikuwa akituita majina namna hiyo, na hakuruka hata moja.

KABURI LA MTU WA NGAMIA

Kabla ya kutoka mjini tulisimama makaburini. Pale kuna kaburi ambalo kila mgeni hupelekwa kuliona. Limejengwa kwa mawe ya rangi nyingi katika umbo la piramidi, yaani pana chini na lenye ncha juu. Kwenye ncha amesimama ngamia wa shaba.

Aliyezikwa hapo aliitwa Hadji Ali. Sisi tungemwita Haji Ali. Alitoka nchi za dola ya Waturuki. Alifika Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia.

Je, ngamia walitafutwa kwa kazi gani? Wakati ule reli haikuwa imefika sehemu hizi. Jeshi la Marekani lilishindwa kupeleka mizigo jangwani, kwa sababu farasi na nyumbu walikufa kwa kiu. Mwaka 1855 Bunge lilitoa dola 30,000 wanunuliwe ngamia. Wakaletwa kwa meli mpaka jimbo la Texas. Wakaletwa pia watu wanaojua kuwatunza. Haji Ali alikuwa mmoja wao. Askari walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly. Jina hilo ndilo lililoandikwa kaburini.

Mwaka 1857 ngamia hao walibeba mizigo katika safari ya kupima njia mpya, kutoka New Mexico mpaka Mto Colorado na kuendelea hadi California. Walikula miiba ambayo nyumbu waliikataa. Walikaa muda mrefu bila maji. Kiongozi wa safari, Edward Beale, aliwasifu sana.

Hata hivyo mpango ulikufa. Nyumbu na farasi walitishwa na harufu ya ngamia, wakakimbia na mizigo. Wachunga nyumbu wa Kimarekani hawakutaka kujifunza lugha ya mnyama mgeni. Kisha mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na hakuna aliyekumbuka ngamia. Wengine waliuzwa, wengine waliachwa jangwani. Kwa miaka mingi wasafiri walikuwa wakisema wameona ngamia usiku, na wenzao wakiwacheka.

Haji Ali hakurudi kwao. Alifanya kazi ya kuwaongoza askari, akabeba mizigo, akatafuta dhahabu. Alioa Arizona, akapata watoto. Alikufa mwaka 1902 hapo Quartzsite. Mwaka 1935 idara ya barabara ya jimbo ilimjengea kaburi hilo la piramidi.

Kwa maoni yangu, ngamia hawakushindwa kazi. Walioshindwa ni wale waliotakiwa kuwazoea. Mwalimu hakukubaliana nami moja kwa moja. Alisema reli ingewamaliza kazi hata kama wangependwa. Tulibishana mpaka Mama akapiga honi.

MTO UNAOGOMBEWA

Tulishika barabara namba 95 kuelekea kaskazini. Mwalimu haendeshi zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Gari lake linakula lita moja ya petroli kwa kila kilomita 4 hivi. Kwa hiyo haharakishi, wala hapotezi mwendo kwa kuzurura. Magari madogo yalitupita moja baada ya jingine. Mwalimu aliwapungia mkono.

Pande zote mbili ni mchanga, mawe na vichaka vya miiba. Eneo hili halipati hata milimita 150 za mvua kwa mwaka. Dodoma tunaiita kame, nayo hupata zaidi ya milimita 500. Huku na huku husimama mti wa jamii ya mpungate unaoitwa saguaro. Ni mrefu kuliko nyumba, na una mikono iliyoinuliwa juu kama mtu aliyeamriwa asimame. Mti huo unaishi zaidi ya miaka 100.

Baada ya kilomita 56 tulifika mji wa Parker, ukingoni mwa Mto Colorado. Ghafla tuliona kijani. Hapa ni ardhi ya wenyeji wa asili wa Amerika, iliyotengwa mwaka 1865. Wanaishi hapo Wamohave, Wachemehuevi, Wahopi na Wanavajo. Wanalima majani ya mifugo na pamba kwa kumwagilia maji ya mto. Tulinunua matikiti na mkate, tukajaza petroli, tukaendelea.

Mbele kidogo liko Bwawa la Parker. Lilikamilika mwaka 1938. Ukilitazama unaona ukuta wa kawaida, si mrefu sana. Mwalimu aliniuliza nikadirie urefu wake. Nikasema mita 30. Alicheka kama alivyocheka zamani ubaoni. Ukuta huo una urefu wa mita 98. Karibu mita 72 zimezama chini ya sakafu ya mto. Wajenzi walilazimika kuchimba mchanga na kokoto mpaka wakafika kwenye mwamba mgumu, ndipo wakaanza kujenga. Sehemu kubwa ya kazi yao hakuna mtu anayeiona.

Bwawa hili linazuia maji, na maji hayo yamefanya Ziwa Havasu. Kutoka ziwa hili maji yanasukumwa kwa pampu kwenda mbali sana. Mfereji mmoja unaelekea magharibi, upande wa Los Angeles, kilomita 389. Mwingine unaelekea mashariki, kwenye miji ya Phoenix na Tucson, kilomita 541. Huo wa pili ni sawa na kutoka Dar es Salaam mpaka kupita Iringa.

Maji hayo yameleta ugomvi tangu zamani. Mwaka 1934, ujenzi ulipoanza, gavana wa Arizona alituma askari kwenda kuuzuia. Alidai kwamba California inachukua maji ya wote. Askari hao walipanda mashua mtoni, na magazeti yakawacheka kwamba Arizona imepata jeshi la majini. Lakini gavana alikuwa na hoja. Mto huu unagawanywa kwa majimbo 7 na nchi ya Meksiko. Waliogawana mwaka 1922 walipima mto katika miaka ya mvua nyingi. Wakagawana maji kuliko yaliyopo. Tangu mwaka 2000 ukame umekuwa mkali, na mwaka 2021 serikali ilitangaza kwa mara ya kwanza kwamba maji ya mto hayatoshi. Wakulima wengi wa Arizona wakapunguziwa maji.

Tulikula chakula cha mchana kando ya maji hayo yanayogombewa. Mama aliosha sahani tatu kwa kikombe kimoja.

DARAJA LILILOVUKA BAHARI

Alasiri tuliingia mji wa Lake Havasu City. Mji huu ni kijana. Ulianzishwa miaka ya 1960 na tajiri mmoja, Robert McCulloch, aliyekuwa akitengeneza misumeno ya injini. Alikuwa na ardhi jangwani na ziwa, lakini watu hawakuja. Akatafuta kitu cha kuwavuta.

Wakati huo huo mji wa London, Uingereza, ulikuwa na daraja la kuuza. Daraja hilo la mawe lilifunguliwa mwaka 1831. Lilijengwa kwa ajili ya farasi na mikokoteni. Magari yalipozidi, likaanza kuzama polepole katika udongo wa mto. Waingereza waliamua kujenga jipya. Badala ya kulitupa la zamani, walilitangaza kwa wanunuzi. McCulloch alilinunua mwaka 1968 kwa dola 2,460,000.

Jiwe moja moja lilipigwa namba. Mawe yalipakiwa melini, yakapita Mfereji wa Panama mpaka California, kisha yakabebwa kwa malori kuja jangwani. Wajenzi walitengeneza kiunzi cha zege, wakakivika mawe ya London kwa kufuata namba. Jambo la ajabu ni hili: daraja lilijengwa mahali pakavu. Lilipokwisha, ndipo walipochimba mfereji chini yake na kuleta maji. Lilifunguliwa Oktoba 10, 1971.

Wapo wasemao kwamba tajiri huyo alidanganyika, akidhani ananunua daraja jingine la London, lile lenye minara. Mwenyewe alikana. Mimi namwamini, maana mtu anayehesabu mawe kwa namna ile si rahisi akosee daraja zima.

Tulivuka kwa miguu. Juu ya daraja kuna taa za chuma na ukingo wa mawe uliolika na mvua za nchi nyingine. Chini walipita vijana katika mashua, wakipiga muziki. Mwalimu alipapasa jiwe moja, akatafuta namba. Hatukuiona.

RAFIKI ASIYEONA KATIKATI

Safari yetu ilikuwa na shabaha nyingine, na shabaha hiyo ndiyo iliyomfanya Mwalimu awe kimya tulipokaribia kiwanja cha magari-nyumba, upande wa pili wa mji.

Pale anakaa rafiki yao wa miaka mingi. Ni mzee wa miaka 78, mjane. Aliendesha malori makubwa miaka 35. Kila majira ya baridi hushuka kutoka Minnesota, zaidi ya kilomita 2,500, na kila Aprili hurudi. Lakini macho yake yameharibika. Ugonjwa wake hauleti giza lote. Anaona pembeni, ila katikati haoni. Akikutazama usoni, uso wako haupo. Daktari amemkataza kuendesha.

Alitupokea kwa kicheko. Alimtambua Mwalimu kwa mlio wa injini kabla hatujasimama. "Mkanda wako umelegea," alisema. Ndiyo yalikuwa maamkizi yake.

Tulikaa nje. Chai ilipoisha Mama alimwuliza, "Mwaka huu ulifikaje hapa?"

Mzee hakujibu upesi. Mwishowe alisema kwamba alijiendesha mwenyewe mwezi wa Oktoba. Alisafiri mchana tu, polepole, akifuata mstari mweupe wa pembeni, kwa kuwa pembeni anaona.

Mama aliweka kikombe chini. Amekuwa muuguzi miaka mingi, na majeruhi wa barabarani amewaona. "Ungeua watoto wa watu," alisema. Hakupaza sauti. Hakuna aliyemtetea mzee, na yeye mwenyewe hakujitetea. Alisema, "Najua. Ndiyo maana sijaligusa tena usukani."

Basi shida ikawa wazi. Februari inakwisha. Aprili inakuja, na baada yake jua. Katika mji huu, Juni 29, 1994, kipimajoto kilifika nyuzi 53. Hakuna mahali pengine Arizona palipowahi kupimwa joto kama hilo. Mzee katika nyumba ya bati na plastiki hawezi kukaa humo kiangazi. Lazima aondoke, na kuendesha hawezi. Mwanawe alimpigia simu amwambie auze gari, apande ndege, akae chumba cha nyuma kwake. Mzee hataki. Mkewe alifia katika gari hilo, kitandani, wakiwa njiani, miaka 6 iliyopita. Mapazia ni ya mkono wake.

Aligeuka upande wangu, kwa pembeni, ili anione. "Kwenu mzee asiyeona anaongozwa na nani?"

Nikamwambia kwamba kwetu mjukuu hushika ncha ya fimbo na babu hushika ncha nyingine, wakatembea. Nikamwambia pia ukweli wa siku hizi, kwamba wajukuu wengi wako mjini, na fimbo nyingi zimelala pembeni ya mlango. Alitikisa kichwa. "Basi si Minnesota peke yake," alisema.

Mwalimu akasema atamwendeshea. Aprili atakuja, atachukua usukani, atampeleka na nyumba yake mpaka mlangoni kwa mwanawe. Gari likae uani, na mzee alale humo akitaka. Mzee alifurahi, kisha akahesabu. Alikuwa na haki. Mwalimu akiendesha gari la mzee, la kwake litaendeshwa na nani? Kuliacha kiwanjani kiangazi kizima ni kulipa ada na kuharibu mipira. Kukodi dereva ni ghali.

"Mimi," Mama akasema.

Sote tulimtazama. Miaka 9 wamesafiri, na Mama hajawahi kuliendesha. Ana leseni ya gari dogo, na Arizona leseni hiyo inatosha kwa gari-nyumba. Siku zote alisema ni kubwa mno, kona hazioni. Mwalimu alianza kusema tutaona, labda mwaka ujao. Mama alikuwa tayari amesimama na funguo mkononi.

Nyuma ya kiwanja palikuwa na uwanja mtupu wa kuegeshea magari. Jua lilikuwa limeshuka, upepo umetulia. Mama alikaa kwenye usukani. Mwalimu alitaka kukaa kando yake. "Wewe utapiga kelele," Mama alimwambia, akamwita mzee. Mimi nilikaa nyuma, kwenye kiti cha meza ya kulia, nimeshika sufuria isianguke.

Mzee alifumba macho kabisa. Alisema katikati haimsaidii kitu, bora asikilize. Aliweka kiganja juu ya mlango. Gari lilipoanza kwenda alisema, "Polepole. Injini inalia, mwachie apumue." Tulipofika kwenye kona ya kwanza Mama alikata mapema. "Umekata mapema," mzee alisema, macho yamefumbwa. "Mbele umeshapita, lakini nyuma bado. Mkia wa nyumba unafupisha njia. Nenda mbele mpaka uone umechelewa, hesabu mbili, ndipo ukate."

Kona ya pili Mama alihesabu kwa sauti. Ya tatu alihesabu kimya. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, kama siku za mtihani.

Katika mzunguko wa tano tulisikia kitu kikipasuka chini ya gurudumu la nyuma. Mama alikanyaga breki, na sufuria ikaruka kutoka mikononi mwangu.

"Nini hicho?" aliuliza.

"Ndoo ya plastiki," mzee alisema. "Ya kwangu. Rudi nyuma taratibu, tuanze tena kona hiyo."